Mabati Hayalali Chini

Bei ya chuma ilipanda siku ya Jumanne, na Naftaly Thuo alikuwa amejigamba Jumapili. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake, wala hakuwa na nyingine kubwa kuliko hiyo.

"Angle line ya paa ni sabini," karani wa duka la vyuma kule Viwandani alimwambia bila kuinua macho. "Wiki jana ilikuwa arubaini na tano, najua. Mafuta yamepanda, meli zimepanda, chuma nacho hakikutaka kubaki nyuma."

"Lakini mimi niliuliza bei wiki jana."

"Kuuliza si kununua, mzee. Na tafadhali usiishike. Jasho la mkono linaleta kutu."

Naftaly aliuondoa mkono wake haraka. Alikuwa mtu wa makamo, mzee wa kanisa pale Shauri Moyo, na katika stoo ya kiwanda cha mablanketi alikofanya kazi hakuna aliyewahi kumlaumu kwa kushika kitu. Alisimama kidogo akijifanya anasoma matangazo ya rangi ukutani, kisha akatoka. Pesa alizokuwa nazo mfukoni asubuhi ile zilitosha paa zima. Sasa zisingefika hata nusu ya chumba cha pili.

Kama angejigamba mbele ya wanaume, jambo lingeishia kwenye chai. Wanaume husahau. Lakini alijigamba mbele ya wanawake wa kikundi cha mabati, na hao hawasahau kitu.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha wanawake wa Shauri Moyo na Majengo, wengi wao wachuuzi wa Gikomba. Kila mwezi walichanga, wakanunua mabati ya nyumba moja, wakayapeleka kwa nyimbo mpaka kwa mwenye zamu, na kuyapigilia siku hiyohiyo. Sharti lilikuwa moja: mabati hayalali chini. Zamu yako ikifika, kuta ziwe zimesimama na mifupa ya paa iwe juu yake. La sivyo wanawake hupita mlangoni pako wakiimba vilevile, wakaenda kwa anayefuata, nawe ukangoja mpaka zamu izunguke tena. Sharti hilo liliwekwa na Mirriam, mwenyekiti, baada ya mume wa mwanachama mmoja kuyakuta mabati yameegemezwa ukutani, akayauza, akayanywa yote kwa juma moja.

Mke wa Naftaly, Jecinta, zamu yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Walikuwa na ploti Umoja, na kuta za vyumba viwili zilikuwa tayari. Jumapili ile wanawake walikwenda kuzikagua. Mirriam aligonga mawe kwa ngumi, akaridhika, akauliza mbao za paa ziko wapi. Naftaly alikuwa amevaa koti la kanisani na kujiona mwenye nyumba kwa mara ya kwanza maishani mwake, na furaha ilimlewesha.

"Mbao?" alisema. "Mbao ni za banda la kuku. Nyumba hii itaezekwa juu ya chuma kitupu."

Wanawake walicheka, wakapiga vigelegele, na kabla hawajafika Outer Ring walikuwa wameshatunga wimbo. Kwa Jecinta ni chuma, Baba Warigia hataki mbao, je, kuku watalala wapi? Kufikia Jumatatu wimbo huo ulikuwa umeenea Gikomba nzima.

&nbsp;

"Tuweke mbao," Naftaly alisema jioni ile.

Jecinta alikuwa ameketi kitandani katika chumba chao kimoja cha Shauri Moyo, akikunja mashati ya mitumba aliyouza. Nyuma ya pazia mabinti zao wawili, Warigia na mdogo wake, walikuwa wakigombania mto.

"Nani aweke mbao?"

"Sisi."

"Wewe unajua leo nimesalimiwaje sokoni? Syombua wa vitunguu amenisalimu kwa wimbo. Hata askari wa kanjo, Baba Warigia! Amekuja kutufukuza, rungu mkononi, na huku anaimba."

Naftaly alijishika kichwa. "Nilikuwa nafurahi tu."

"Najua ulikuwa unafurahi. Ndiyo maana sikukuziba mdomo." Jecinta aliweka shati chini, akaanza kucheka, akajizuia. "Na ulikuwa umependeza. Lakini tukiweka mbao sasa, hawa watoto wataimbiwa hivyo mpaka siku ya kuolewa."

Jecinta alimpenda mumewe, na siku alizokosea alimpenda zaidi, kwa sababu siku hizo maneno yalimwishia na uso wake ukawa wa mvulana. Lakini mapenzi hayanunui chuma. Alimtazama, akapiga hesabu kichwani, akaona haifiki.

"Nenda kwa Ngigi," alisema mwishowe.

"Ngigi!"

"Si ni binamu yako? Pesa anazo. Meza mate, uende."

&nbsp;

Ngigi alikuwa na baa Umoja, kwenye barabara ileile ya kwenda kwenye ploti yao. Kila alipopata faida alisogeza veranda yake ya mbao mbele kidogo, mpaka ikaingia barabarani na gari la kuuza maji likaacha kupita. Alimkalisha Naftaly juu ya kreti tupu, kati ya jiko na choo, akamwacha hapo mpaka wateja wa mchana walipopungua.

"Mpeni binamu yangu soda," alipaza sauti baa nzima isikie. "Iwekeni kwa hesabu yangu. Huyu hana kitu."

Naftaly aliinywa. Angeikataa wangegombana, kwa hivyo aliimeza pamoja na aibu yake.

"Habari nimesikia," Ngigi alisema akivuta kiti. "Chuma nitanunua mimi. Chote. Lakini chumba cha mbele kiwe changu, nipangishe. Wewe na mama watoto mtatosha kile cha nyuma. Kwani huko Shauri Moyo si mnaishi chumba kimoja?"

"Tunaishi kimoja, ndiyo maana tumejenga viwili."

"Basi ngoja zamu izunguke. Miaka miwili si mingi kwa mtu asiye na haraka."

Naftaly alitoa pesa ya soda, akaiweka kando ya chupa, akainuka kwa heshima zote. Ingekuwa kuondoka kuzuri sana kama hangejikwaa kwenye nguzo ya veranda, kofia ikaanguka, wateja wakacheka. Aliiokota, akaipangusa, akaenda zake.

Nyumbani alimweleza Jecinta kila kitu, hata nguzo. Jecinta alisikiliza mpaka mwisho.

"Soda ulilipa?"

"Nililipa."

"Vizuri," alisema. Kesho yake hakufungua kibanda chake cha mitumba.

&nbsp;

Fundi Mulama alikuwa na kiwanja chake nyuma ya soko la Burma, wazi, bila hata kivuli. Alikuwa mtu wa Butere, mnene wa shingo, mwepesi wa kucheka. Umeme aliuvuta kwa waya kutoka kinu cha unga cha jirani, na kila alipochomelea, kinu kilipunguza mwendo na mwenye kinu akamtukana kwa lugha tatu.

"Fundi, chuma kipya siwezi," Jecinta alimwambia. "Nipe akili."

"Mama, kipya cha nini? Chuma cha jana na chuma cha wakati wa mkoloni vinachomeleka sawasawa. Twende kwa Bulle."

Bulle alinunua na kuuza vyuma vikuukuu, na wiki hiyo alikuwa amepata rafu za stoo moja iliyofungwa, vyuma virefu vilivyonyooka, vyenye rangi ya kijani iliyobambuka. Aliketi kando ya mizani yake akinywa chai ya viungo. Jecinta hakujua chuma, lakini kununua alikujua. Aliingia ndani ya lile rundo kama anavyoingia kwenye belo la mitumba, akavuta kimoja kimoja, akageuza, akaweka kando vilivyomchukiza.

"Mama," Bulle alisema, "unanunua chuma ama unachagua mchele?"

"Hiki kina kutu. Hiki kimepinda."

"Kitanyooka!"

"Kikinyooka nitakilipia bei ya kilichonyooka. Leo kimepinda."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Bulle aliapa kwamba ana watoto. Jecinta akaapa kwamba wake nao wanataka kulala chini ya paa. Bulle aliteremsha bei kidogo, Jecinta akajifanya anaondoka, Mulama akamfuata, na hapo Bulle akamwita.

"Ngoja, mama. Wewe si ndiye yule wa wimbo? Wa kuku?"

Jecinta aliona uso ukimchoma. Alitamani kukana, lakini alikuwa mke wa mzee wa kanisa. "Ndiye mimi."

Bulle alicheka mpaka kikombe kikamwagika kwenye kikoi chake. "Wallahi! Mke wangu Halimo anauimba jikoni! Haya, chukua. Nimepunguza. Nikikunyima chuma, Halimo ataniuliza kuku watalala wapi."

Ndivyo wimbo uliokuwa ukiwaumbua ulivyowapunguzia bei. Jecinta alimimina pesa za Naftaly, akamimina na mtaji wa kibanda chake, zikabaki za kumlipa Mulama, basi. Vyuma vilibebwa mpaka kiwanjani, Naftaly akaleta kamba ya katani aliyopimia kuta, na Mulama akataja kitu kimoja cha mwisho.

"Bado bolti, mama. Za kuunganishia, na zile zingine za ndoano."

"Bei?"

Akamwambia.

"Ondoa bolti."

"Zote?"

"Zote. Si una mashine? Chomelea. Na mabati tutayapigilia kwa misumari, kila mwanamke huja na yake."

Mulama alifungua mdomo kumweleza jambo. Papo hapo mwenye kinu akapiga kelele kwamba kama anataka umeme ni sasa hivi, maana baadaye ana magunia ya watu. Mulama alikimbilia mashine yake, na lile neno likabaki mdomoni.

&nbsp;

Ijumaa, Naftaly alipotoka kazini, paa lilikuwa limekwisha. Lilisimama katikati ya kiwanja kama nyumba isiyo na nyama, limepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, pembe zake zote zimechomelewa vizuri. Naftaly aliingia chini yake, akashika chuma hiki, akashika na kile, na hakuna aliyemwambia aondoe mkono. Alijawa na furaha. Kisha akauliza:

"Tutalipelekaje Umoja?"

Mulama alimtazama Jecinta. Jecinta akamtazama Mulama. Kila mmoja alikuwa amedhani mwenzake amefikiria hilo.

"Mimi niliambiwa niondoe bolti," Mulama alisema polepole. "Bolti ndizo zinafanya lisafiri vipande vipande."

"Si ulikate?"

"Nikilikata, nitaliunganisha na nini huko? Umoja kwenu hakuna stima bado."

Waliita mtu wa lori. Alilizunguka paa mara mbili, akapiga mluzi, akataja bei iliyokaribia ya chuma chenyewe, tena akasema ni mpaka Jumatatu. Jecinta aliketi juu ya pipa.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi na ubahili wangu."

"Ni mimi," Naftaly alisema, akaketi kando yake. "Ni mimi na banda langu la kuku."

"Aa, ni kinu," Mulama alisema, na wote watatu wakacheka, ingawa Jecinta machozi yalikuwa yakimlengalenga. Kesho ilikuwa Jumamosi. Alishawaona kwa macho ya moyo wale wanawake wakipita mlangoni pake na mabati yake, wakiimba.

&nbsp;

Asubuhi walikutana mbele ya soko la Burma, leso viunoni, misumari imefungwa kwenye pembe za vitambaa. Mabati yalikuwa juu ya mkokoteni, mapya, yakimeta. Jecinta hakungoja kuulizwa.

"Mama Mwenyekiti, mifupa ya paa iko. Lakini iko hapa nyuma."

Walimfuata kiwanjani. Mirriam, mwanamke mrefu asiyependa mzaha siku za kazi, alilizunguka paa, akaligonga kwa ngumi.

"Ni chuma kweli."

"Ni chuma."

"Lakini haliko juu ya kuta."

"Haliko."

Mirriam aliuondoa mkono kwenye chuma. "Sharti ni sharti, Jecinta. Mnajua nililiweka kwa nini." Kila mtu alijua yule mume aliyekunywa mabati alikuwa wa nani, kwa hivyo walimwondolea macho. "Nani anafuata?"

"Ni mimi," alisema Syombua wa vitunguu. "Kuta zangu ziko tayari Kariobangi. Mbao ziko juu."

Wote walimgeukia. Jecinta aliinamisha macho. Hakumwonea wivu, ila moyo ulimuuma hasa, na Naftaly, aliyevaa tena lile koti la kanisani, alitamani ardhi immeze yeye na koti lake.

Syombua hakusogea kwenye mkokoteni. Alifungua leso yake, akaizungusha ikawa kata ya kubebea, akaiweka begani.

"Mabati yaliyopita mlango wa mwenzangu siyataki," alisema. "Nitalalaje chini yake? Sasa, Mama Mwenyekiti, niulize. Sharti linasema mifupa iwe juu ya kuta wakati gani?"

"Mabati yakifika."

"Yamefika?"

"Hayajafika. Yako hapa Burma."

"Basi na yangoje." Akaingia chini ya pembe ya paa, akainama, akaweka bega.

Mirriam alimtazama, akalitazama paa, akatazama barabara inayokwenda Umoja, ambayo si fupi. Kisha akaanza kukunja leso yake mwenyewe.

"Paa mbele, mabati nyuma," alisema. "Na huo mkokoteni usithubutu kutupita."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilimtoa mwenye kinu mlangoni, mwili mzima umejaa unga. Wanawake waliingia chini ya vyuma pande zote, Mulama akashika pembe ya nyuma, mafundi wa viwanja vya jirani wakaacha nyundo zao.

"Sasa, buda," kijana mmoja wao alimwambia Naftaly, "hiyo koti utabeba nayo ama?"

Naftaly alivua koti, akalitupa juu ya mabati, akaingia chini ya chuma kando ya mkewe. Mirriam alihesabu, wakainua. Paa likaondoka chini, likayumba, likatulia, likaanza kutembea.

&nbsp;

Ni wengi Eastlands waliokuwa wakieleza kwa miaka jinsi walivyoliona paa likitembea Jogoo Road peke yake, na wanawake ndani yake wakiimba. Walibeba, wakapumzika, wakabeba. Makadara, Wasabato waliokuwa wakitoka ibadani walisimama na Biblia zao, kisha wanaume wachache, kila mmoja akampa mkewe Biblia, wakaingia chini. Jericho, watoto waliwafuata mbio. Mabega yaliwaka moto, jasho likaingia machoni, na wimbo ukaongezeka beti. Naftaly aliimba wa kwake yeye mwenyewe, ule wa kuku, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kwenye mzunguko wa Donholm polisi wa barabarani aliinua mkono.

"Simama! Hii ni nini?"

"Ni paa, afande," Mirriam alimjibu kutoka katikati ya vyuma.

"Leseni ya msafara iko wapi?"

"Si msafara. Ni nyumba inahamia Umoja."

"Nyumba haihami na miguu!"

"Afande, nakuheshimu. Lakini sisi tumechoka. Tukiiweka chini hapa hatutaweza kuiinua tena. Itakaa hapahapa katikati ya mzunguko, na wewe ndiye utaandika ripoti."

Polisi aliyatazama magari yaliyoanza kupanga foleni kila upande. Alitazama paa. Mdomo ulimcheza, akaugeuza uso wasimwone, kisha akayasimamisha magari yote ya Outer Ring kwa mikono miwili.

"Piteni, mama. Piteni haraka!"

Walipita taratibu.

&nbsp;

Umoja, kwenye barabara ya Ngigi, paa liligoma kupita. Upande huu kulikuwa na ukuta wa ploti ya jirani, upande ule veranda. Wateja walitoka na chupa mkononi, na Ngigi akatoka nyuma yao.

"Zungukeni huko!"

"Huko hakuna barabara," Naftaly alisema.

"Basi hilo si shauri langu, binamu."

Wimbo ulikatika. Wanawake walibadilisha bega. Mirriam alivuta pumzi.

"Baba," alimwambia Ngigi, "hii veranda iko kwa ploti yako ama iko kwa barabara?"

Ngigi alishika nguzo ya veranda. Mzee mmoja aitwaye Wekulo, mteja wa kila siku, aliweka bia yake dirishani kwa uangalifu.

"Mke wangu huchota maji mbali tangu hii kitu ijengwe," alisema. "Nani ana nyundo?"

Nyundo zilikuwa nyingi, wanawake walikuwa wamekuja nazo. Wateja wenyewe ndio walioibomoa, kwa shangwe, huku Ngigi akirukaruka kati yao akilia, "Polepole! Msipasue mbao! Hizo ni za bei!" Mwishowe, alipoona hawajui kung'oa msumari bila kupasua, aliwanyang'anya nyundo akang'oa mwenyewe. Paa likapita.

Kwenye ploti waliliinua wote kwa pamoja, wanawake, mafundi, Wasabato na walevi, mpaka likatua juu ya kuta. Lilichomoza kidogo zaidi upande wa nyuma, maana kamba ya katani huvutika, lakini lilitua. Mirriam alirudi nyuma, akatazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa mabati yafike," alisema, na mkokoteni ukaruhusiwa kuja.

Syombua alipanda wa kwanza. Waliweka bati, akachukua msumari wake, akapiga. Bati lilitoboka, chuma kikalia ngwe, na msumari ukapinda. Alichukua mwingine, akapiga kwa nguvu zaidi. Ukaruka, ukalikosa kidogo tu sikio la Mulama.

Mulama alifunika uso kwa viganja. "Mama," alimwambia Jecinta, "zile bolti za ndoano. Ndizo hushika bati kwa chuma. Msumari unataka mbao."

Jecinta aliokota ule msumari uliopinda. Mabati yalikuwa pale, paa lilikuwa pale, na haviwezi kushikana. Hakuthubutu kumtazama Mirriam.

Naftaly alikuwa akitazama barabarani, kwenye rundo la mbao za veranda. Ngigi, aliyesimama ukingoni mwa ploti akizichunga kwa mbali, aliyaona macho hayo.

"Hapana," Ngigi alisema.

"Niuzie, binamu. Nitakulipa nikipata mshahara."

"Si ulisema mbao ni za kuku?"

"Nilisema," Naftaly alikubali mbele ya watu wote. "Nilisema upuuzi. Niuzie."

Ngigi alizitazama mbao, akawatazama wanawake waliojaa rangi nyekundu mabegani, na mzee Wekulo, na wateja wake wote waliokuwa wakingoja jibu lake. "Na chumba cha mbele?"

"Hicho hapana."

Ngigi alikuna kidevu. "Chukueni," alisema. "Chukueni, kabla sijabadilisha nia. Veranda yenyewe nitaiweka wapi tena?"

Hapo hakuna aliyengoja kuambiwa. Mulama alizifunga mbao juu ya vyuma kwa waya, akakaza kwa koleo, na Syombua akapiga msumari. Uliingia. Wanawake walipanda pande zote, nyundo zikaanza kulia kwa zamu, na wimbo ukapata ubeti mpya kwamba chuma kimeoa mbao, na Naftaly akaucheka kuliko yeyote.

Jecinta aliingia chumba cha nyuma kuokota misumari iliyopinda, maana hata iliyopinda hunyooshwa. Madirisha yalikuwa bado yamezibwa kwa mawe kwa ajili ya wezi, na mlangoni palijaa watu. Juu ya kichwa chake mwanga ulikuwa ukipungua, bati kwa bati, ukabaki mkanda mmoja tu sakafuni, mwembamba. Kisha walilaza bati la mwisho na ule mkanda ukazimika.

Alipiga ukelele. Nyundo zote zilinyamaza.

"Mama Warigia!" Naftaly aliita kutoka juu. "Umeumia?"

"Baba Warigia!" alijibu kutoka gizani, akicheka na kulia kwa pamoja. "Sioni kitu! Tuna paa! Mchana kweupe na sioni hata mkono wangu! Shuka! Shuka upesi uje uone!"